Nyumba ya mawe ya Karen, na maji yanayopanda ukutani

Kati ya nyumba za shamba zilizojengwa kwa mawe Afrika Mashariki wakati wa Waingereza, yenye kujulikana zaidi iko pembeni ya Nairobi, chini ya vilima vya Ngong. Wengi wanaijua kwa jina la Karen. Ilijengwa mwaka wa 1912 na mhandisi wa Uswidi, Åke Sjögren. Mwaka wa 1917 ikawa makao ya Karen Blixen, mtu wa Denmark, na mume wake Bror, mtu wa Uswidi. Kumbe nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, lakini aliyejenga hakuwa Mwingereza, na waliokaa pia hapana.

Haina ngazi ya juu. Ni nyumba ya chini, kuta za mawe ya kijivu, baraza kubwa mbele, paa la vigae vyekundu. Ndani, kuta zimefunikwa mbao. Jiko liko mbali kidogo, kama kwetu Fizi, na sababu ni ile ile: moshi na moto. Ila huko ni juu sana, karibu metre 1,800, usiku baridi inauma, ndiyo maana kuna pa kuwasha moto ndani ya nyumba. Vigae ni vizito, vinataka mbao nene na ukuta wa nguvu. Lakini upepo hauvipeperushi kama manjanja yetu wakati ziwa linachafuka.

Kahawa haikukubali vizuri kwenye baridi ile. Shamba likafilisika, likauzwa mwaka wa 1931. Wakikuyu waliokuwa wakiishi mle walipaswa kuondoka, na Karen aliomba serkali iwape ardhi fasi moja wasitawanyike. Wale ndio waliolima, na udongo ulikuwa wa babu zao. Jina la mtaa limebaki la mzungu. Denmark iliitoa nyumba zawadi kwa Kenya mwaka wa 1964, na tangu 1986 ni makumbusho.

Sasa, juu ya nini hayo yamguse mtu wa Baraka? Juu ya maji.

Huko Uingereza kwenyewe, nyumba za mawe za wakulima ni za zamani kuliko simenti, ambayo Joseph Aspdin aliiandikisha mwaka wa 1824. Fundi alipanga mawe safu mbili, ya nje na ya ndani, katikati akajaza vijiwe, halafu hapa na pale jiwe refu linalopita toka upande mmoja hadi mwingine, kuzishika zisiachane. Unene sentimeta 60 au zaidi. Kilichounganisha ni udongo au chokaa. Ukuta ule unaloa mvua ikinyesha, jua likitoka unakauka, maana chokaa inaacha unyevu upite. Baadaye wenye nyumba walipaka simenti juu, wakifikiri wanaimarisha. Unyevu ukafungiwa ndani, mbao zikaoza.

Hicho ndicho tunachokiona kwenye nyumba za matofali mabichi zilizopakwa simenti. Maji ya chini yanapanda, hayapati njia ya kutoka, simenti inapasuka na kubanduka kama ganda, na nyuma yake tofali limekuwa tope. Ziwa lilipopanda mwaka wa 2024, kuta za namna hiyo hazikuwa na la kufanya.

Kwa nyumba iliyo mbali na ufuko, mawe ya mlimani yakipangwa hadi usawa wa goti kabla ya tofali la kwanza, yanasaidia. Paa litoke nje mkono mzima, mfereji uchimbwe upande wa mlima. Tofali bichi lipakwe udongo, au chokaa kwa mwenye uwezo. Chokaa nayo inachomwa kwa kuni, na kuni za Fizi tayari zinakwenda kwenye tanuru za matofali. Udongo ni bure, ila unataka kupakwa upya kila kiangazi.