Kabla ya Nyumba, Uliza Kisima
Rafiki yangu mmoja ataka kuhamia karibu na mji wa Lamu. Aliniuliza: achague Shela au Matondoni? Nilimjibu kwa historia. Katika karne ya 17 watu wa Takwa, kisiwani Manda, waliuhama mji wao. Wengi wakavuka bahari wakakaa Shela. Takwa ikawa magofu, Shela ikadumu. Chini ya vilima vyake vya mchanga mna maji matamu, nayo ndiyo yanayounywesha mji wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Leo wenye fedha huichagua Shela kwa mandhari yake, na ujenzi unavikaribia vilima. Anayechagua kijiji na aulize kisima kwanza, nyumba baadaye. Vilima vikifunikwa kwa saruji, Lamu itahamia wapi?