Kinanda na Kitabu Chake

Ndani ya boksi la kila chombo cha muziki cha umeme mna vitu viwili: chombo chenyewe na kitabu cha maelekezo. Chombo hutolewa siku ile ile kikapigwa mpaka majirani wakagonga ukuta. Kitabu hurudishwa ndani ya boksi, na boksi likapandishwa juu ya kabati. Sisi tuliosomea uhandisi twapenda kulaumu tabia hiyo, kwa sababu tunajua jasho linalomtoka mtu anayeandika kitabu kama kile. Hata hivyo, tukiifuata historia ya vyombo hivi kwa utulivu, tunaona kwamba lawama zetu ni za haki kwa upande mmja tu. Upande wa pili unatutaka tunyamaze tujifunze.

Tuanze na chombo kinachojulikana kuliko vyote, Yamaha DX7. Asili yake ni mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako mwanamuziki John Chowning alikuwa akijaribu mtetemo wa sauti kwa kompyuta, ule mtetemo ambao mpiga fidla huutia kwa kidole chake. Alipouzidisha kasi hadi sikio lisiweze tena kuuhesabu, sauti ilibadilika rangi: ikawa mara kengele, mara tarumbeta. Wimbi moja lilikuwa linalitikisa jingine. Stanford ikaupeleka ugunduzi huo kwa watengenezaji wa vinanda wa Marekani, nao hawakuona maana yake. Yamaha ya Japani iliona. Hataza ilitolewa mwaka 1977, na mwaka 1983 DX7 ikaingia sokoni. Ziliuzwa zaidi ya 150,000, na Stanford ikavuna mamilioni ya dola.

Hapo ndipo hadithi yetu inapoanza. Vinanda vya zamani kama Minimoog ya mwaka 1970 vilikuwa na nobu za kuzungusha, kila kazi na nobu yake. Mtu asiyejua kusoma angeweza kuzungusha, akasikiliza, akaelewa. DX7 ilikuwa na vitufe bapa na kioo kidogo chenye mistari miwili ya maandishi. Nyuma ya kioo hicho mlikuwa na vyanzo sita vya mawimbi, vinavyoweza kupangwa kwa namna 32, na vipimo zaidi ya 100 vya kurekebisha kimoja kimoja. Ukibadilisha kimoja bila kujua, sauti tamu inageuka kelele za bati. Asiyesoma kitabu hakuwa na mlango wa kuingilia.

Basi wengi wakafanya nini? Wakapiga sauti zilizokuja na kinanda kutoka kiwandani. Inasimuliwa na mafundi kwamba vinanda vingi vilivyorudi kutengenezwa vilikuwa na sauti zile zile za siku ya kwanza. Sauti hizo kwa sehemu kubwa zilitengenezwa na wanamuziki wawili, David Bristow na Gary Leuenberger, ambao walikuwa na siku chache tu za kuifanya kazi hiyo. Piano ya umeme iliyomo humo ikasikika katika nyimbo za mapenzi za Marekani na Uingereza miaka yote ya 1980 iliyobaki, na kutoka huko ikaenea duniani. Maelfu ya wapigaji walidhani kila mmoja anapiga kinanda chake, kumbe wote walikuwa wakitumia masikio ya watu wawili. Wachache waliokaa na kitabu, Brian Eno akiwamo, walitoa sauti ambazo hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Mwaka 1986 Chowning na Bristow waliandika kitabu kizima kuwaeleza wanamuziki nadharia hiyo, ishara ya wazi kwamba maelezo ya ndani ya boksi hayakuwatosha.

Hadi hapo mhandisi anaweza kutabasamu. Lakini tungoje kwanza.

Mwaka 1981 kampuni ya Roland, nayo ya Japani, ilitoa kisanduku cha rangi ya fedha kiitwacho TB-303. Kilikusudiwa kumsaidia mpiga gita aliye peke yake, kimpigie besi. Hakikufanana na besi hata kidogo, na namna ya kukipangia noti ilikuwa mtihani: unaingiza noti kwanza, kisha muda wake kando. Baada ya kutengenezwa karibu 10,000, uzalishaji ulisimama mwaka 1984, na visanduku vikamiminika kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya kutupa. Kimoja kikaangukia mikononi mwa vijana wa Chicago waliojiita Phuture. DJ Pierre, mmoja wao, amesimulia kwamba hawakuwa na kitabu cha maelekezo. Walizungusha nobu huku mashine ikiendelea kupiga, jambo ambalo mtengenezaji hakulitarajia, na ikalia kama kiumbe hai. Wimbo wao wa «Acid Tracks» ulitoka mwaka 1987, ukazaa aina nzima ya muziki iliyotikisa Uingereza mwaka uliofuata. Leo kisanduku kile cha mitumba huuzwa kwa maelfu ya dola. Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Je, tuseme basi kwamba kitabu hakina kazi? La hasha. Miaka mitano kabla ya vijana wa Chicago, mwaka 1982, mpigaji wa muziki wa filamu za Bombay, Charanjit Singh, alichukua TB-303 hiyo hiyo, akaiunganisha na mashine ya ngoma na kinanda vya Roland, akapiga raga kumi za Kihindi juu ya mdundo wa disko. Alijifunza vyombo vyake kwa subira, akavifunga pamoja vikaenda kwa saa moja. Sahani yake haikununuliwa sana wakati huo. Ilipotolewa upya mwaka 2010, wasikilizaji wa Ulaya walishangaa kusikia sauti waliyodhani imezaliwa Chicago.

Mashine ni moja, na njia ni mbili. Phuture walikuwa wanatafuta kitu kisicho na jina, na kwa kitu kisicho na jina hakuna ukurasa wa kufungua. Singh alijua raga zake tangu zamani. Alichohitaji ni mashine imtii. Kwa kipimo chetu, hapo ndipo penye tofauti. Anayetafuta asichokijua anaweza kuchezea tu. Aliye na urithi mkononi anaotaka kuupitisha ndani ya mashine, huyo hana budi kuijua mashine, la sivyo mashine itaukata urithi wake iutoshe.

Na hili linatuhusu sisi, watu wa pwani na wapenzi wa taarabu. Kinanda cha kawaida hugawa oktava sehemu 12 zilizo sawa. Maqamu haziishi zote humo. Katika Rast noti ya tatu, na katika Bayati noti ya pili, hukaa katikati ya vitufe viwili, pale pa robo sauti. Fidla, udi na ganuni hupafikia bila taabu. Vikundi vikubwa vya Unguja, kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, vilijengwa juu ya ala hizo. Ilipokuja taarabu ya kisasa miaka ya 1990, kinanda kilichukua nafasi ya ala nyingi kwa mkupuo mmoja, kwani ni rahisi kubeba na mpigaji ni mmoja.

Wengi husema kinanda ndicho kilichoiua robo sauti. Kauli hiyo si kweli yote. DX7 II, iliyofuata ile ya kwanza katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, ilimruhusu mpigaji kupanga upya kila noti. Baadaye Yamaha na Korg walitoa vinanda vilivyotengenezwa makusudi kwa soko la Waarabu, unavyoweza kuvishusha robo sauti kwa kubonyeza kitufe. Njia ilikuwapo, imeandikwa. Lakini imeandikwa katika kurasa za katikati, kwa Kiingereza, Kijapani, Kifaransa au Kijerumani, na mpigaji wa Ng'ambo au Tanga aliyenunua kinanda cha mkono wa pili hakupata hata hicho kitabu. Tumlaumu kwa kutosoma kitu alichonyimwa? Yeye alijifunza kama walivyojifunza waliomtangulia, kwa kukaa karibu na fundi na kutazama vidole. Fundi mwenyewe alipokuwa hajui ukurasa ule, elimu hiyo haikuwa na pa kupitia.

Sisi tulio ughaibuni tuna kitu ambacho mpigaji yule hakuwa nacho: lugha za vitabu vile na, kwa wengi wetu, mazoea ya kuvisoma. Siku hizi makampuni huviweka kwenye intaneti bila malipo, hata vya vinanda vya zamani. Kila mwaka tunapeleka vinanda nyumbani, zawadi kwa mpwa au mchango kwa kikundi cha mtaa, na mara nyingi boksi huachwa huku ili kupunguza uzito wa mzigo. Basi kabla ya kukifunga kinanda kinachofuata, tutafute kurasa mbili tatu zinazoeleza namna ya kuzihamisha noti, tuzitafsiri kwa Kiswahili cha kawaida, tuzibandike chini ya kinanda kwa gundi ya nailoni. Yaliyobaki kijana atayachezea mwenyewe, na huenda akagundua lisilomo kitabuni.