Sura Bila Jina: Picha za Kale za Miji na Vijiji vya Uingereza



Juma hili tunawaalika tutazame pamoja picha za kale za miji na vijiji vya Uingereza, pamoja na kumbukumbu za watu waliokulia humo. Huenda mmoja wenu akauliza: vijiji vya ng'ambo vinatuhusu nini? Vinatuhusu kwa sababu nchi ile ni miongoni mwa zile zilizotangulia kupigwa picha mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji. Kwa hiyo imekuwa na muda mrefu wa kujifunza kwamba picha huhifadhi sura ya mtu, lakini jina lake na habari zake huhifadhiwa na yule anayemkumbuka. Akiondoka huyo bila kusimulia, sura ile hubaki kama sura ya mgeni, hata mikononi mwa wajukuu zake.

Tuanzie katika kijiji cha Lacock, mkoani Wiltshire. Mwaka 1232 mjane mmoja wa ukoo mkubwa, Ela wa Salisbury, aliasisi hapo abasia ya masista Waagustino, na baadaye yeye mwenyewe akawa mkuu wa nyumba hiyo. Masista waliishi na kusali humo kwa miaka mia tatu, mpaka Mfalme Henry wa Nane alipofunga nyumba za kitawa, na abasia ya Lacock ikafungwa mwaka 1539. Majengo yakageuzwa kuwa makazi ya watu binafsi. Katika nyumba hiyohiyo, mwezi Agosti 1835, mwenye nyumba aliyeitwa William Henry Fox Talbot aliweka kamera ndogo ya mbao mbele ya dirisha, na umbo la dirisha hilo likajichora kwenye karatasi iliyopakwa dawa. Ilikuwa negativu, yaani picha ambayo penye mwanga panaonekana giza na penye giza panaonekana mwanga. Ingalipo hadi leo, nayo inahesabiwa kuwa negativu ya kale kuliko zote zilizosalia duniani. Baadaye Talbot alionyesha kwamba kutokana na negativu moja zinaweza kupatikana nakala nyingi, na hapo ndipo mlango ulipofunguka wa picha kuwafikia watu wengi.

Hata hivyo, picha za miaka ile ya mwanzo zilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Dawa ilikuwa nzito kupokea mwanga. Kamera ilibidi iachwe wazi kwa sekunde nyingi, pengine kwa dakika kadhaa. Nyumba, ambayo haitembei, ilitokea vizuri. Mtu aliyesimama kimya alitokea pia. Lakini mpita njia, mchuuzi mwenye kikapu chake, mtoto anayekimbia, hao waliacha ukungu tu, na wengine hawakuacha alama yoyote. Ndiyo maana mitaa mingi katika picha za zamani huonekana mitupu, kana kwamba watu wote walikuwa wamelala. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Hapa walikuwapo, nalo lao halipo.

Mfano ulio wazi ni mji wa Glasgow, nchini Uskoti. Katika karne ya 19 viwanda vilivuta umati wa watu kuingia mji huo: watu wa milimani, watu wa vijijini, na Waayalandi wengi Wakatoliki waliokimbia njaa kubwa iliyoanza kwao mwaka 1845. Walijazana katika vichochoro vyembamba kandokando ya mitaa ya kale, familia nzima katika chumba kimoja, ambako maradhi yalienea upesi. Mwaka 1866 Bunge lilipitisha sheria ya kuvunja maeneo hayo, na mpiga picha Thomas Annan akapewa kazi ya kuyapiga picha kabla hayajatoweka. Aliifanya kazi hiyo kati ya mwaka 1868 na 1871. Ukuta umetoka jiwe kwa jiwe, nguo zimetundikwa juu ya kamba, mfereji wa maji machafu unapita katikati ya njia, na pembeni wapo watu: baadhi wamesimama wakitazama kamera, wengine ni vivuli tu vilivyotikisika. Majina yao hayakuandikwa. Aliyeagiza picha hizo alitaka kumbukumbu ya majengo, si ya wakazi. Kuta zilipewa heshima ambayo wenye kuishi ndani yake hawakupewa.

Jijini London mwendo ulikuwa huohuo. Mwaka 1875 ilijulikana kwamba nyumba ya kale ya wageni iitwayo Oxford Arms, karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, ingebomolewa. Watu wachache waliopenda mambo ya kale wakaunda chama cha kupiga picha masalio ya London ya zamani, na hadi mwaka 1886 walikuwa wametoa picha 120. Tunaona basi tabia ya mwanadamu. Kitu kikiwa nacho kila siku hakitazami. Akisikia kwamba kitaondolewa kesho, ndipo anapokimbilia kamera.

Yuko mmoja ambaye hakungoja kitu kikaribie kubomolewa. Francis Frith alizaliwa Chesterfield mwaka 1822, akawa mfanyabiashara wa vyakula vya jumla mjini Liverpool, muumini wa jumuiya ya Kikristo ya Marafiki, wale waitwao pia Quaker. Aliuza biashara yake angali kijana, na kati ya mwaka 1856 na 1860 akasafiri mara tatu kwenda Misri na Nchi Takatifu akiwa na kamera kubwa na vioo vyake. Mtindo wa wakati ule ulidai kioo kipakwe dawa, kitumiwe na kusafishwa kabla hakijakauka. Kwa hiyo mpiga picha alisafiri na hema la giza, na katika joto la Misri kazi hiyo ilikuwa mateso. Aliporudi alianzisha kampuni katika mji wa Reigate, akiwa na nia ambayo wengi wangeiona ni ndoto: kupiga picha kila mji na kila kijiji cha Uingereza. Hakuweza kuikamilisha peke yake. Aliajiri wapiga picha wakazunguka nchi nzima, naye alipofariki mwaka 1898 jamaa zake waliiendeleza. Kampuni ilidumu hadi miaka ya mwanzo ya 1970, ikaacha hazina ya zaidi ya picha 300,000 za miji na vijiji vipatavyo 7,000.

Kazi hiyo ilisaidiwa sana na posta. Kuanzia mwaka 1894 watu waliruhusiwa kutuma postikadi zilizotengenezwa na kampuni binafsi, kwa stempu ya nusu peni tu, na mwaka 1902 ikaruhusiwa upande mmoja kubeba anwani na ujumbe pamoja, ili upande wa pili wote uwe wa picha. Tangu hapo hata kijiji kidogo chenye kanisa, kisima na duka moja kilipata postikadi yake.

Lakini tukumbuke kwamba postikadi ni bidhaa. Mnunuzi alitaka kupeleka kwa ndugu zake jambo la kupendeza. Hivyo mpiga picha alichagua siku ya jua, akachagua upande mzuri wa barabara, na chini ya picha akaandika jina la mahali. Jina la mwanamke aliyesimama mlangoni na aproni yake hakuliandika, wala la mvulana aliyeshika farasi. Kwa mnunuzi hao walikuwa pambo la barabara, wakati kila mmoja wao alikuwa na mama aliyempa jina.

Hapa ndipo kumbukumbu inapokuja kuikamilisha picha. Mwaka 1948 mwandishi wa Kiwelisi George Ewart Evans alihamia Blaxhall, kijiji cha mkoa wa Suffolk, ambako mke wake alikuwa mwalimu wa shule. Alizungumza na majirani wazee waliofanya kazi mashambani kabla ya mashine: namna walivyofyeka ngano kwa mundu mkubwa, walivyokata manyoya ya kondoo, walivyooka mkate wa juma zima nyumbani. Evans alitambua kwamba watu hawa, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza neno, walibeba historia isiyokuwamo katika vitabu. Aliyaandika masimulizi yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1956, na wengi baadaye wakafuata njia hiyo. Kazi ya namna hii inaendelea. Vyama vya historia katika miji na vijiji vya Uingereza huwaonyesha wazee picha za zamani, nao huonyesha kwa kidole: hapa palikuwa kwa fundi viatu, huyu ni shangazi yangu, mlango huu ndio tuliopitia kwenda kuchota maji wakati wa barafu. Mara moja barabara ile tupu inajaa watu.

Zaidi ya hayo, picha na kumbukumbu husahihishana. Kumbukumbu ya utotoni hupenda kusema kwamba zamani kila siku ilikuwa ya jua na kila jirani alikuwa mwema. Picha inaonyesha watoto wasio na viatu. Kwa upande wake, picha inaonyesha nyumba nzuri yenye maua. Mzee aliyezaliwa humo anaeleza kwamba paa lilivuja na kwamba wadogo zake wawili walizikwa kabla hawajaanza shule. Ukweli mzima hauwezi kupatikana kwa shahidi mmoja.

Tutazame sasa vijiji viwili ambavyo havina tena wakazi. Cha kwanza ni Tyneham, mkoani Dorset, karibu na bahari. Mwezi Desemba 1943, katikati ya vita, wakazi wake wapatao 225 waliamriwa kuondoka ili jeshi lipate mahali pa mazoezi. Walitii, wakaacha kwenye mlango wa kanisa karatasi ya kuwaomba askari watunze kanisa na nyumba zao, kwani walitumaini kurudi. Vita vilikwisha, na mwaka 1948 serikali ikaichukua ardhi hiyo moja kwa moja. Hawakurudi kamwe. Nyumba zimebaki magofu, lakini kanisa na shule vimetunzwa, na ndani yake mgeni hukuta picha na habari za familia zilizoishi pale.

Cha pili ni Capel Celyn, kaskazini mwa Wales, kijiji cha watu waliosema Kiwelisi. Mji wa Liverpool ulihitaji maji, na mwaka 1957 Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu bonde lile lifanywe bwawa, ingawa hakuna hata mbunge mmoja wa Wales aliyeiunga mkono. Mwaka 1965 maji yalifunika nyumba, shule, posta na kanisa dogo lenye makaburi yake. Mpiga picha Geoff Charles aliwafuata wanakijiji katika miaka yao ya mwisho bondeni, na picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales. Mwaka 2005 halmashauri ya Liverpool iliomba radhi. Tunaamini kwamba radhi hiyo ingekuwa vigumu kupatikana kama wanakijiji wangekuwa wamenyamaza. Maji yalifunika mawe, lakini sura zilibaki katika picha na majina yakabaki midomoni mwa watu, na vyote viwili pamoja vikakataa dhuluma isahauliwe.

Wapendwa, ndiyo maana tunasema kukumbuka ni deni. Watu wa vichochoro vya Glasgow hatuwezi tena kuwapa majina yao. Muda umepita, na wenye kujua wamekwisha lala. Mwenyezi Mungu anawajua, hata hivyo ujuzi wake hautuondolei wajibu wetu. Katika makabati yetu na ndani ya masanduku zimo picha za ubatizo, za harusi, za mazishi, za nyumba ambazo hazipo tena. Safu ya nyuma amesimama mtu ambaye ni mzee mmoja tu katika ukoo anayemfahamu, na mzee huyo ana miaka themanini. Jumapili hii, baada ya chakula, mletee picha hizo. Muulize ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kazi hiyo haihitaji fedha wala elimu kubwa, ila haiwezi kungoja.