Landilodi Anaweza Kuingia Keja Yako Kama Hauko? Jua Haki Zako, na Ujue Mambo ya Stima Pia

Tuseme unaishi kwa ploti moja hapo Bulla Pesa, Isiolo. Umetoka job saa moja jioni, jua limekuchapa siku nzima, na kitu unataka ni kuwasha feni ulale chali kwa mkeka. Unafungua mlango unapata vumbi ya simiti sakafuni, soketi mpya kwa ukuta na kitanda kimesongezwa. Ukiuliza keateka, anakujibu kirahisi: "Mzee alikuja na fundi. Si ako na funguo yake."

Ama tugeuze stori. Wewe ndio umeleta fundi, mkachimba ukuta, mkaweka shawa ya maji moto bila kuambia mtu. Wiki mbili baadaye breka ya ploti nzima inaanguka kila asubuhi, majirani wamekasirika, na landilodi anataka kujua nani aligusa waya zake.

Hizo stori mbili zina kosa moja: hakuna mtu alipiga hodi. Ukuta ni wa mwenye nyumba, lakini maisha yako ndani ya huo ukuta ni yako. Kila mmoja akitaka kugusa ya mwenzake, anauliza kwanza.

Keja ni yako bora unalipa

Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na nyumba yake imetajwa hapo wazi. Haisemi nyumba uliyojenga ama kununua. Bedsita ya kukodi pia ni nyumba.

Halafu kuna Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65. Inasema mpangaji anayelipa kodi na kufuata makubaliano anafaa kukaa kwa amani bila kusumbuliwa na mwenye nyumba. Usidanganywe ati hauna haki kwa sababu hamkuandikiana. Ukilipa kila mwezi na hamkuweka muda, sheria inakuhesabu kama mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na yeyote anayetaka kumaliza hiyo stori anafaa kutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja.

Landilodi anaruhusiwa kuingia lini?

Hapa usikuje juu bure, kwa sababu yeye pia ana haki. Kifungu hicho hicho cha 65 kinamruhusu aingie, yeye mwenyewe ama mtu wake, kukagua hali ya nyumba ama kufanya ripea ambayo ni jukumu lake. Lakini iwe saa inayofaa, na asivuruge matumizi yako ya nyumba isipokuwa kazi yenyewe inalazimu.

Sheria hiyo haijataja notisi ya masaa mangapi. Ndio maana ni vizuri mkubaliane mapema, hata kwa meseji. Siku moja kabla si mbaya. Saa nne usiku si saa inayofaa. Kuja "kuangalia tu" mara tatu kwa wiki, hiyo si ukaguzi, hiyo ni kusumbuana.

Na kwa mtaa kama Bulla Pesa, wenye Waislamu wengi, hii si maneno ya korti pekee. Hodi mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka: watoto wanafunzwa hivyo wakiwa wadogo. Mama ako ndani bila mtandio, dada anaishi pekee yake, mwanafunzi amelala. Mwanaume kufungua mlango na funguo ya akiba bila kubisha ni kuvunja heshima ya watu, hata kama jina lake ndilo liko kwa hati ya ploti.

Dharura ni kitu tofauti. Moshi ukitoka chini ya mlango wako ama maji yakifurika kwa jirani, aingie tu. Moto haungoji hodi.

Na kama una deni la renti? Deni halimpi landilodi ruhusa ya kuingia abebe TV yako. Kukamata mali kwa sababu ya kodi kuna sheria yake, na ni kazi ya dalali mwenye leseni.

Sasa tukuje kwa stima

Isiolo ni joto, kwa hivyo kila mtu anataka feni, friji na soketi ya ziada. Feni si shida, ya kawaida inakula kama wati 60 hivi. Shida ni vitu vya kuchemsha.

Hesabu ni rahisi. Stima yetu ni volti 240. Plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha, unapata wati 3,120. Ukiweka birika ya wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwa ekstensheni moja, tayari umepita. Shawa ya maji moto ya wati 5,500 inavuta kama ampea 23. Hiyo haifai kuunganishwa kwa soketi hata kidogo. Inataka laini yake kutoka kwa boksi ya breka, waya mnene, na waya wa arthi unaofanya kazi. Ukiiweka kwa waya mwembamba, waya unachemka ndani ya ukuta ambapo hauoni, na kwa ploti vyumba vimeshikana. Ukilala na makosa yako, jirani pia amelala nayo.

Kubadilisha taa ama kuchomeka feni, hiyo ni yako. Kuchimba ukuta, kuongeza soketi, kuweka shawa ama kugusa boksi ya breka, hapo unahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Mita usiguse kabisa. Kuichezea ama kuvuta laini ya pembeni ni kosa la jinai, na si landilodi anaweza kukusamehe.

Kabla fundi afungue sanduku lake:

1. Tuma meseji kwa mwenye nyumba. Mfano: "Salaam aleikum Mzee, ni wa nyumba nambari 6. Naomba ruhusa kuweka soketi moja ukutani, gharama ni yangu. Nikihama iachwe ama niitoe?" Jibu lake ndilo ushahidi wako.
2. Kazi ya waya za nyumba inafaa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe. "Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi" si leseni.
3. Piga picha ya ukuta kabla na baada.
4. Weka risiti. Siku ya kuhama, mvutano wa dipositi unaamuliwa na karatasi.

Na kama waya ziliharibika zenyewe, soketi inatoa cheche ama swichi inakupiga shoti, ripoti kwa maandishi siku hiyo hiyo na uache kuitumia. Ukimwita akuje kuripea, sasa wewe pia mpe nafasi ya kuingia. Huwezi kukataza fundi mlangoni halafu ulalamike nyumba ni mbovu.

Ukiingiliwa bila hodi

Usianze na matusi. Andika tarehe na saa, piga picha ya kilichoguswa, na utume meseji ya heshima: "Mzee, jana mliingia nikiwa sipo. Naomba wakati mwingine tuambiane siku moja kabla." Wengi wanaelewa hapo. Akirudia, ita wazee wa mtaa ama ofisi ya chifu mkae chini. Kama kitu kimepotea, hiyo ni ripoti ya polisi, na udai nambari ya OB.

Kama renti yako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna Mahakama ya Kodi ya Nyumba, na sheria yake inafanya kuwa kosa kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame. Ukizidi hapo, njia yako ni korti ya kawaida.

Lakini mengi hayafiki huko. Kabla ulipe dipositi ya keja yako ijayo, uliza maswali mawili tu: nani mwingine ako na funguo ya huu mlango, na hizi waya ziliwekwa na nani? Landilodi akikasirika kwa hayo maswali, endelea kutafuta.