Mchezo wa Tenisi Ndani ya Mtambo wa Hesabu

Leo nitawasimulia habari za mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya hesabu ngumu, na jinsi bwana mmoja alivyoupa kazi ya mchezo. Lakini kwanza nataka kiongozi wa kila darasa ashike chaki, asimame mbele ya ubao.

Kiongozi, chora mstari mmoja mrefu uliolala. Katikati ya mstari huo simamisha mstari mwingine mfupi, urefu wa kidole. Umbo lake ni kama herufi T iliyopinduliwa juu chini. Sasa weka nukta moja hewani, upande wa kushoto. Basi, inatosha. Mstari mrefu ni uwanja, mstari mfupi ni wavu, na nukta ni mpira. Msiifute picha hiyo mpaka somo liishe.

Hiyo ndiyo picha waliyoiona watu waliopanga foleni katika ukumbi mmoja huko Marekani, tarehe 18 Oktoba, 1958. Hapakuwa na sura ya mchezaji, wala raketi, wala hesabu ya nani ameshinda. Tena kioo kilichoonyesha picha hiyo kilikuwa na upana wa inchi 5 tu, sawa na kisahani cha kikombe cha chai. Hata hivyo watu mamia walisimama wakingoja zamu zao za kucheza.

Mahali penyewe ni Brookhaven, katika kisiwa cha Long Island, kama maili 60 mashariki ya jiji la New York. Zamani palikuwa na kambi ya askari. Mwaka 1947 pakafanywa makao ya wataalamu wanaochunguza nguvu zilizomo ndani ya atomi, na mwaka 1950 tanuri lao la atomi likaanza kufanya kazi. Kumbukeni kwamba ilikuwa imepita miaka 5 tu tangu miji ya Hiroshima na Nagasaki kuteketezwa kwa mabomu ya atomi. Si ajabu kama mkulima wa viazi aliyekaa jirani na mahali pale alijiuliza wale mabwana wanapika nini mle ndani.

Kwa sababu hiyo wakuu wa Brookhaven walikuwa na desturi njema. Kila mwaka, katika majira ya majani kupukutika, walifungua milango wakakaribisha wageni: siku moja wanafunzi wa shule, siku nyingine wanafunzi wa vyuo, na siku nyingine watu wote. Wageni walionyeshwa picha, maandishi na vyombo vilivyotulia mezani. Nanyi mnajua jinsi mtu anavyochoka upesi kutazama kitu asichoruhusiwa kukigusa.

Aliyeliona tatizo hilo alikuwa Bwana William Higinbotham, mkuu wa idara ya vyombo vya kupimia. Alizaliwa mwaka 1910, kwa hiyo siku ile alikuwa karibu kutimiza miaka 48. Alikuwa mtu mchangamfu, mpiga kodiani. Lakini maisha yake hayakuwa ya ngoma tu, na ni lazima niwaeleze alikotoka, maana bila hivyo hamtauelewa mwisho wa habari hii.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Bwana Higinbotham alifanya kazi ya rada, akishughulikia vile vioo ambavyo mpiganaji hutazama nukta za mwanga akajua kitu kilichofichwa na giza au mawingu kiko wapi. Baadaye alihamishiwa Los Alamos, mahali bomu la kwanza la atomi lilipotengenezwa, akawa mkuu wa kundi la mafundi wa umeme. Kundi lake lilitengeneza vyombo vya kupima muda vilivyohitajiwa ili bomu lilipuke barabara. Vyombo hivyo vilifanya kazi yake, na dunia nzima yajua yaliyotokea mwezi wa Agosti 1945.

Vita vilipokwisha, yeye na wenzake wengi hawakuweza kutulia. Walikwenda Washington wakawasihi wabunge wasiache nguvu za atomi katika mikono ya jeshi, na wakatoa onyo kwamba silaha hizo zikienea hapatakuwa na mshindi. Wakaunda chama chao, na Bwana Higinbotham akawa mwenyekiti wa kwanza. Mwezi wa Agosti 1946 Rais Harry Truman alitia sahihi sheria iliyokabidhi kazi ya atomi kwa tume ya raia. Huo ulikuwa ushindi, ingawa mabomu yenyewe hayakuacha kutengenezwa.

Sasa turudi mwaka 1958. Idarani mwake mlikuwa na mtambo mmoja wa kuhesabu, uliotengenezwa na kampuni ya Donner. Leo tungeuita kompyuta, lakini haukufanana na kompyuta mnazoziona siku hizi katika ofisi na maduka. Haukuandika tarakimu. Ulihesabu kwa kupima, kama vile fundi cherehani anavyojua urefu wa kitambaa kwa kukipima kwa mkono, pasipo kuandika lolote. Pamoja nao kilikuja kitabu cha maelezo, na ndani yake mlikuwa na mifano: namna ya kuufanya mtambo uonyeshe njia ya risasi angani, njia ya kombora, na njia ya mpira unaodundadunda. Mitambo ya aina hiyo ilikuwa msaada mkubwa kwa watu wa mizinga, waliotaka kujua kombora litaangukia wapi.

Bwana Higinbotham alisoma mifano ile mitatu akaona kwamba hesabu ni ile ile moja. Kombora na mpira vyote hupanda, huishiwa na nguvu, hushuka, na upepo huvizuia vyote. Akaona kuwa mfano wa tatu unatosha kufanya mchezo.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu wengi husifu uvumbuzi huu bila kueleza jinsi ulivyofanya kazi. Mtambo usio na akili uliwezaje kujua mpira uko wapi?

Chukueni mfano wa madebe mawili ya maji. Debe la kwanza liko chini ya bomba linalotoa maji kwa kiasi kile kile wakati wote. Bomba hilo ni uzito unaovuta kila kitu chini. Maji yanavyozidi kupanda katika debe la kwanza, ndivyo mpira unavyozidi kupata mbio. Sasa wazieni kwamba kina cha maji katika debe la kwanza ndicho kinachofungua bomba la debe la pili: kikiwa kidogo, bomba la pili linatiririka kidogo, kikiwa kikubwa, linamwaga kwa nguvu. Kina cha debe la pili kinatuambia mpira umeshuka umbali gani. Mwenye shaka ajaribu nyumbani, ila asinilaumu kwa maji yatakayomwagika.

Jiwe likiachwa lianguke, katika sekunde ya kwanza hushuka futi 16, katika ya pili futi 48, na katika ya tatu futi 80. Jumlisheni: zinapata futi 144 kwa sekunde 3. Madebe yetu mawili yangefuata mwendo huo huo bila mtu kuwafundisha kujumlisha. Basi, ndani ya mtambo wa Brookhaven hapakuwa na maji, palikuwa na umeme. Mahali pa debe palikuwa na kile kidude ambacho mafundi wa redio hukiita kondensa, kinachojazwa umeme kama debe linavyojazwa maji.

Mpira ulipofika chini ilikuwa lazima urudi juu. Kazi hiyo ilifanywa na swichi zinazojigeuza zenyewe kwa nguvu ya umeme. Umeme ulipoonyesha kwamba mpira umegusa uwanja au wavu, swichi ililia "ta!" ikageuza mwendo. Hata upepo haukusahauliwa: Bwana Higinbotham alitia kizuizi kidogo katika njia ya umeme, na mpira ukachoka hewani kama mpira wa kweli.

Mpaka hapo pana jambo moja bado. Kioo kile kilikuwa cha chombo kinachoitwa osiloskopu, na kwa kawaida huonyesha nukta moja tu ya mwanga inayokimbia. Iweje basi nukta moja ichore uwanja, na wavu, na mpira, vyote kwa pamoja? Nani hapa hajawahi kuona mtoto akizungusha kijinga cha moto gizani? Moto ni mmoja, lakini jicho linaona duara zima. Ndivyo alivyofanya. Alitumia transista, ambazo wakati ule zilikuwa ngeni kabisa, kuirusha nukta hiyo kutoka uwanjani hadi kwenye wavu hadi kwenye mpira, mara nyingi sana kila sekunde, na macho ya wageni yakaunganisha mengine yote. Hizo transista ndizo zilizozipa jina zile redio ndogo za mkononi.

Kuchora mpango wa kazi hiyo kulimchukua saa chache tu, kisha fundi wake, Bwana Robert Dvorak, akaifanya kwa mikono yake kwa muda wa kama majuma matatu. Kila mchezaji alipewa kijisanduku chenye vitu viwili: kitufe cha kupigia mpira, na kidude cha kuzungusha, kama kile cha kutafutia stesheni redioni, ili kuchagua mpira uende juu au chini. Ukipiga chini mno, mpira unagonga wavu. Ukichelewa, unadunda na kukupita.

Mwaka uliofuata, 1959, mchezo ulirudishwa na kioo kikubwa zaidi. Safari hii wageni waliweza kucheza tenisi kama wangekuwa Mwezini, ambako uzito ni kama sehemu moja kwa sita ya uzito wa hapa, au katika sayari ya Jupiter, ambako ni zaidi ya mara mbili. Mkilikumbuka debe la kwanza mtajua mara moja ilivyofanyika: ni kulipunguza lile bomba la kwanza au kuliongeza, hakuna zaidi. Kisha mtambo ukafunguliwa, vipande vyake vikarudishwa kwenye kazi nyingine. Bwana Higinbotham hakuomba hati ya uvumbuzi. Kwa maoni yake hapakuwa na jambo kubwa. Na kama angeomba, hati ingekuwa ya serikali, maana ndiyo iliyomwajiri.

Watu hubishana kama huo ulikuwa mchezo wa kwanza wa namna yake. Haukuwa wa kwanza kuchezwa na mtambo wa hesabu. Mwaka 1951, katika maonyesho makubwa huko Uingereza, kampuni ya Ferranti ilileta mtambo ulioitwa Nimrod, ukashindana na watu katika mchezo wa kuondoa vitu kwenye mafungu. Mwaka 1952 Bwana A. S. Douglas, mwanachuo wa Cambridge, alifundisha mtambo wa EDSAC kucheza ule mchezo wa kuweka alama tatu kwa mstari mmoja. Mchezaji alichagua nafasi kwa kuzungusha namba za simu. Lakini kwangu mimi tofauti ni kubwa. Katika michezo hiyo miwili mtu hufikiri, huchagua, hungoja. Katika ule wa Brookhaven mpira haukungoja mtu, na wachezaji walikuwa watu wawili waliosimama pamoja, mtambo ukiwa uwanja wao.

Kwa muda mrefu habari hizi zilisahauliwa. Wakati huo huo michezo ya vioo ikawa biashara kubwa sana, na katika miaka ya 1970 na 1980 makampuni yakashitakiana kwa sababu ya hati za uvumbuzi. Mawakili wakamtafuta mzee Higinbotham awe shahidi. Mwaka 1982 mwandishi David Ahl, ambaye alikuwa mmoja wa wanafunzi wa shule waliotembelea Brookhaven zamani, aliandika gazetini juu ya mchezo aliouona, na watu wakaanza kumwita mzee yule babu wa michezo hiyo.

Yeye hakulifurahia sana jina hilo. Hakuwa ameacha kazi aliyoianza Washington mwaka 1945. Tangu 1968 alishughulika hasa na njia za kulinda na kuhesabu madini ya atomi, ili yasichukuliwe kwa siri yakafanywa mabomu. Ni kazi isiyo na foleni ya watazamaji. Alitaka akumbukwe kwa kazi hiyo, wala si kwa tenisi. Alifariki mwezi wa Novemba 1994, naye alikuwa na miaka 84. Leo wengi wanaolitaja jina lake hulitaja kwa sababu ya tenisi. Na mimi pia, kama mlivyosikia, nimeanza na tenisi.

Mwaka 1997, Brookhaven ilipotimiza miaka 50, mafundi waliutengeneza mchezo upya. Michoro ilikuwapo, lakini vipande vya zamani vilikuwa adimu, ikabidi vitafutwe. Walipouwasha, nukta ikapita juu ya wavu, ikadunda.

Kiongozi wa darasa, sasa unaweza kufuta ubao. Kwaherini.