Kelele za diski kuu: ipi ya kuvumilia, ipi ya kuogopa

Riverdale Park ni mji mdogo katika Kaunti ya Prince George's, jimbo la Maryland, kaskazini-mashariki mwa Washington. Reli ya kuelekea Baltimore hupita katikati yake. Usiku, treni ikishapita na nyumba kutulia, ndipo kompyuta iliyowekwa sebuleni kwa ajili ya filamu na muziki husikika ikivuma au kugonga.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi ughaibuni, kompyuta ya aina hiyo huhifadhi pia video za harusi, za mazishi na za wazee ambao wengine hawako tena duniani. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta namna ya kuinyamazisha, ni muhimu kutambua sauti yenyewe.

Sauti hutoka wapi?

Ndani ya diski kuu mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Vichwa vya kusomea data huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, mdogo mno kuliko unene wa unywele. Feni nazo hupiga kelele. Hivyo sikiliza kwanza karibu na kila kifaa ili kujua chanzo.

Mvumo usiokoma

Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde. Mtikisiko huo hupita kwenye skrubu, ukaingia katika bati la kasha na kisha katika rafu ya mbao, ambayo huukuza kama ngoma. Bonyeza kasha kwa kiganja: sauti ikipungua, tatizo ni mtikisiko.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha weka vipande vya mpira laini kati ya diski na kasha, na vingine chini ya kasha. Usiifunike diski kwa sponji, kwani joto hupunguza maisha yake. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 60 za Selsiasi, na ni salama zaidi kubaki chini sana ya hapo.

Mkwaruzo mfupi

Mlio hafifu filamu inapofunguliwa, au mgongo mmoja kompyuta inapozimwa, ni wa kawaida. Ni vichwa vinavyohama au vinavyorudi mahali pa kupumzikia.

Kugonga kwa mpigo

Hii ndiyo sauti ya kuogopa. Mgongo unaojirudia kwa mpigo mmoja, hasa faili zikichelewa kufunguka, huashiria kwamba vichwa vinashindwa kupata njia yake. Wakati mwingine chanzo huwa ni waya uliolegea au umeme usiotosha, lakini usianze na matengenezo. Ikiwa diski bado inasomeka, nakili kwanza yale yasiyoweza kupatikana tena. Filamu za madukani zinaweza kusubiri. Ikiwa haisomeki, au inakwaruza kama chuma juu ya chuma, izime mara moja umpelekee fundi wa kuokoa data. Usiifungue mwenyewe, kwani chembe moja ya vumbi inaweza kuharibu sahani.

Hata diski iliyo kimya huweza kuugua. Mfumo wa kujipima uitwao SMART huonyesha idadi ya sehemu zilizoharibika. Idadi hiyo ikiongezeka, jiandae kubadilisha diski.

Suluhisho la kudumu

Diski za kielektroniki, zisizo na sehemu inayozunguka, hazina mvumo wala mgongo. Zinafaa kwa programu za kuendeshea kompyuta, huku diski kubwa ikiwekwa chumba kingine na kuunganishwa kwa mtandao wa nyumbani. Hata hivyo, nazo hufa, mara nyingi bila kutoa onyo la sauti. Kwa hiyo weka nakala mbili za kumbukumbu za familia, na moja ikae nje ya nyumba hiyo, kwa mfano kwa jamaa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala.