Jenerali Senger na amri ya kuua

Frido von Senger und Etterlin, Mdachi, alizaliwa mwaka 1891. Alikuwa mkatolika, tena mwoblati wa Mtakatifu Benedikto. Hitler hakumpenda, lakini alimtumikia.

Septemba 1943, kisiwani Corsica, amri ya Hitler ilimfikia: maofisa Wataliani walioshikwa wapigwe risasi. Akakataa. Wala hakuondolewa kazini. Wanaosema kwamba askari hakuweza kukataa, na wafikiri.

Halafu alipewa jeshi la 14 la vifaru, akapigania Monte Cassino, penye monasteri ya Benedikto mwenyewe. Tarehe 15 Februari 1944 ndege za Wamarekani ziliibomoa. Ndipo Wadachi wakajificha katika magofu yake. Amri moja Senger aliikataa, vita yenyewe hapana. Aliiendesha hata Mei 1945, akatumwa kwa Jenerali Clark kusalimisha majeshi.